Zamu Iliyoruka Nyumba Yetu

Juma lililopita nilipelekwa Karatu mjini kumwona kitukuu. Mjukuu wangu amejifungua salama, mtoto ana afya, na kwa hilo namshukuru Mungu kila ninapoamka. Akina mama wa mtaa wake walikuja mchana wakiwa wamevaa sare, wamebeba chupa za chai, sabuni na mfuko mkubwa wa nepi. Waliimba wimbo mmoja, wakasali, wakapiga picha kwa simu, kisha wakaaga, maana baadhi yao walikuwa wanaingia kazini hotelini jioni ile. Sina neno nao. Kuja ni kuja. Ila mmoja wao, mama mtu mzima, alikuwa ameleta samli kwenye kopo. Alipoichota kwa kijiko na kuiacha iyeyuke juu ya uji wa moto, harufu yake ikanifikia pale nilipokaa, na moyo wangu ukafanya jambo ambalo sikulitegemea kwa mwanamke wa umri wangu. Ukaona wivu.

Ninyi wenzangu mliokulia kwenye vilima hivi mnaijua harufu hiyo, samli iliyokaa kwenye kibuyu kilichofukizwa moshi mpaka ikachukua uchungu kidogo. Kwenu labda ni harufu ya sikukuu. Kwangu ilikuwa harufu ya mama yangu akirudi kutoka kwenye nyumba za watu.

Tulikaa upande wa Daa, nyumba yetu ikiwa imeegemea mteremko, mlango ukitazama mashamba ya chini. Mama alikuwa katika umoja wa akina mama wa kijiji, ulioanzia kanisani na baadaye ukachukua hata wale wasiosali. Hawakuwa na ofisi wala muhuri. Walikuwa na sufuria moja kubwa, majembe yao, na Mama Lohay. Huyu alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, ambaye sauti yake haikupanda hata alipokasirika, na mambo yote ya umoja aliyaweka kichwani. Kila Jumatano walikutana nyuma ya kanisa, wakasali, kisha Mama Lohay akagawa zamu. Wiki hii tunapalilia kwa fulani. Wiki ijayo tunakata nyasi za kuezeka kwa mjane fulani. Sufuria ikitoka kwa huyu iende kwa yule. Kukandika nyumba kwa udongo na samadi, kuteka maji kwa mgonjwa, kusaga unga wa msiba, vyote vilikwenda kwa zamu, na sikumbuki nikisikia mtu akibisha. Aliyelimiwa leo alijua kesho atalima.

Kazi niliyoipenda kuitazama, na kuichukia, ilikuwa ile ya kwenda kwa mzazi. Mwanamke akijifungua, wenzake walikata kuni siku nzima, wakafunga mizigo, na kesho yake wakapanda njia mmoja nyuma ya mwenzake, kuni mgongoni, vibuyu vya maziwa mkononi, wakiimba. Mzigo wa kwanza ulifunikwa kwa kanga safi, na aliyeubeba hakuutua mpaka aingie ndani. Huo ndio uliokuwa na samli na unga wa mtama, lakini mimi wakati huo sikujua. Mimi nilichokiona ni hiki: akina mama wanaingia kwenye nyumba na mzigo uliofunikwa, vigelegele vinapigwa ndani, wanatoka mikono mitupu, na tangu siku hiyo nyumba ile ina mtoto.

Nikajumlisha mwenyewe. Watoto walikuwa mali ya umoja, kama sufuria. Walitolewa kwa zamu, na Mama Lohay ndiye aliyejua zamu ni ya nani.

Msinicheke. Nani alikuwa akituambia lolote siku zile? Ukiuliza mtoto ametoka wapi unaambiwa ameletwa. Nami niliona kwa macho yangu walioleta.

Mimi nilikuwa peke yangu kwetu. Jirani yetu alikuwa Fausta, wa umri wangu, na kwao watoto walifuatana kama vidole vya mkono. Kabla huyu hajaanza kusimama, akina mama wameshapanda tena na kuni. Fausta alifungwa mtoto mgongoni tangu asubuhi, na alitembea naye kwa maringo ambayo nayaona mpaka leo, kiuno kimepinda, mkono mmoja nyuma ukipigapiga matako ya mtoto, akisema, "Nyamaza, mwanangu, nyamaza," kama mtu mzima. Mara nyingi mgongo wake ulikuwa umelowa mkojo. Nilikuwa nauonea wivu ule mkojo. Nilikuwa nautazama ukikauka juani na kuacha alama nyeupe kwenye gauni lake, halafu naangalia gauni langu ambalo halikuwa na alama yoyote.

Nikachukua boga dogo kutoka shambani, nikalifunga mgongoni kwa kipande cha kanga ya mama. Fausta akalizunguka, akalichunguza.

"Wako anaitwa nani?"

"Petro."

"Petro hana macho."

"Amelala."

"Wangu akilala anakoroma. Wako hakoromi, hakojoi, halii. Wako ni mboga, Natalia. Jioni mtamla."

Na kweli, jioni tulimla. Bibi yangu mzaa baba, ambaye sisi tulimwita Aama, alilikata boga bila kujua kwamba lina jina, na mimi nilikataa kula, na hakuna aliyejua kwa nini.

Lakini wivu mkubwa haukuwa kwa Fausta. Ulikuwa kwa wale watoto wenyewe, kwa sababu ya mama. Mama yangu alikuwa na nguvu kuliko wengi, na mzigo wa kwanza, ule uliofunikwa, mara nyingi alipewa yeye. Akifika kwa mzazi alibaki huko. Alimwosha mtoto, akamkanda mama yake kwa maji ya moto, akapika uji. Aliporudi kwetu jioni alikuwa ananukia samli na kitu kingine chepesi, cha utamu, ambacho sasa najua ni harufu ya kichwa cha mtoto mchanga. Alikuwa akinikumbatia, nami nageuza uso. Nilijua mikono ile imeshinda imembeba nani. Nikilala nilifikiria nyumba zote ambazo mama amepeleka watoto, kwa mgongo wake mwenyewe, na kuwaacha huko. Hata mmoja hakuwahi kushuka naye akaingia kwetu.

Kisha ukaja wakati ambao sikuuelewa kabisa.

Siku moja nilirudi kutoka kisimani nikamkuta mama amelala mchana, jambo ambalo hakuwa na kawaida ya kulifanya. Aama alikuwa amekaa mlangoni, na mkunga wa kijiji anatoka bila kuniangalia. Nikaambiwa mama anaumwa tumbo. Baada ya siku chache akainuka, lakini mambo yalikuwa yamebadilika. Kibuyu chake cha maji kikawa chake peke yake. Hakwenda kanisani, hakwenda shambani kwa mtu, hakumpa mtu mkono. Fausta alikuja mpaka kwenye uzio wetu, akasimama upande wa pili.

"Njoo tucheze," nikamwambia.

"Mama amesema nisije kwenu."

"Kwa nini?"

"Kwenu kuna kitu."

"Kitu gani?"

"Sijui. Mpaka kitoke."

Nikaenda kwa Aama. "Mama amekosa nini?"

"Hajakosa. Anakaa."

"Anakaa mpaka lini?"

"Mpaka amekaa," akasema, na mazungumzo yakaishia hapo.

Ninyi wa kwetu mmeshaelewa, na kwa wasio wa kwetu nitasema kwa ufupi. Zamani za bibi zetu, mwanamke aliyepoteza mimba alitengwa kwa muda, yeye na nyumba yake, ili msiba huo usihamie kwa wengine. Hasa hakutakiwa kumgusa mtoto mchanga wala kuingia kwenye nyumba yenye mzazi. Tulikuwa tumeshabatizwa, tulisali kila Jumapili, lakini hofu hiyo ilikuwa haijabatizwa. Akina mama wa umoja walikuja, nasema haki yao, walimletea mama kuni. Ila waliziweka pale njia inapogawanyika, wakaita kwa mbali, "Mama Natalia, Mungu akutunze," wakaondoka. Mama alisubiri mpaka migongo yao ipotee, ndipo akashuka kuzichukua. Alizipandisha peke yake. Hakuna aliyeimba.

Mimi nilisimama mlangoni nikihesabu mambo kwa namna yangu. Wamemfukuza. Wamemfukuza kwenye umoja, na zamu yetu, ambayo bila shaka ilikuwa imekaribia, wamempa mtu mwingine. Na nani mwingine kama si kwa kina Fausta?

Na kweli haukupita muda mrefu mama Fausta akajifungua tena.

Wakati huo mama alikuwa amesharuhusiwa kutoka. Mwinjilisti alikuja akasali nyumbani kwetu, na mama akarudi Jumatano kwa wenzake. Nikadhani mambo yameisha. Lakini siku ya kupanda kwa mama Fausta, mama alibeba mzigo mkubwa kuliko wote, akapanda na wenzake akiimba, na alipofika kwenye mlango ule akautua nje. Wengine wakaingia. Yeye akakaa juu ya jiwe, upande wa nje, akiwa ameshika magoti yake, akisikiliza vigelegele. Nilikuwa nimewafuata. Nilimwona. Jioni hakunukia chochote isipokuwa jasho na maganda ya kuni.

Mtu angedhani nitafurahi, maana hakuna mtoto aliyembeba siku hiyo. Badala yake wivu ulinijaa mpaka nikaumwa kichwa. Kumbe naweza kumwonea mtu wivu na papo hapo nikamwonea mtu mwingine uchungu, na vyote viwili vikakaa kwenye kifua kimoja kidogo. Walikuwa wamempa mama Fausta kila kitu. Mama yangu walikuwa wamemnyima hata mlango.

Jumatano iliyofuata nilikwenda nyuma ya kanisa. Walikuwa wamemaliza kusali, wamekaa kwenye nyasi, wengine wanasuka mikeka huku wakisikiliza zamu. Mama alikuwa amekaa pembeni. Nilikwenda moja kwa moja mbele ya Mama Lohay.

"Shikamoo, Mama Lohay."

"Marahaba, binti. Umetumwa?"

"Sikutumwa. Nimekuja kuuliza zamu."

"Zamu ya nini?"

"Zamu yetu ya mtoto."

Mtu akacheka. Mama Fausta, ambaye alikuwa amekuja kuwashukuru wenzake na mtoto wake mgongoni, akasema, "Njoo uchukue huyu wangu. Na usiku umnyamazishe wewe."

Wakacheka zaidi. Mama Lohay hakucheka. Aliniangalia kama anavyoangalia mtu mzima aliyeleta shauri.

"Nani kakwambia watoto wanatolewa kwa zamu?"

"Kila kitu kinatolewa kwa zamu. Kupalilia ni zamu, nyasi ni zamu, sufuria ni zamu. Kwa kina Fausta mmeshapeleka watoto wengi. Kwetu hamjaleta hata mmoja, na mama anabeba kuni za kila mtu."

"Na tunampeleka vipi huyo mtoto?"

"Kwenye mzigo. Ule wa kanga."

Hapo walicheka mpaka mmoja akajifuta machozi kwa ncha ya kanga yake. Nilisikia mama akiita jina langu kwa sauti ndogo, "Natalia," lakini nilikuwa nimeshafika mahali ambapo mtoto harudi nyuma.

"Halafu mkamfukuza mama," nikasema. "Mkawa mnamtupia kuni njia panda. Mkachukua zamu yake mkampa mama Fausta. Na juzi mkamwacha nje, kwenye jiwe."

Kicheko kikakatika. Mikeka ikatulia mikononi. Mama Fausta akapeleka mkono nyuma, akamshika mtoto wake, kisha akautoa mkono huo kama aliyejiona.

Mama mmoja akasema taratibu, "Hatukumfukuza, mwanangu. Ni mila tu."

"Mila ya nani?" Mama Lohay akamwuliza. "Yetu sisi tuliosali hapa sasa hivi?"

"Mama Lohay, usiseme hivyo. Ulikuwepo."

"Nilikuwepo. Kuni zangu pia niliziweka pale chini." Akanigeukia. "Umeniuliza mimi, nami nakujibu. Zamu yenu tumeiruka. Nenda nyumbani na mama yako."

Mama alikuwa ameshasimama. Alinishika mkono, tukashuka njia haraka, yeye mbele, mimi nyuma nikikimbia. Nilingoja kofi. Halikuja. Tulipofika mahali ambapo mashamba yanaonekana yote, akasimama.

"Ulitaka wanipe nini, Natalia?"

"Mtoto."

Akanishika mkono tena. "Twende," akasema. "Aama anangoja maji."

Nikangoja kwa matumaini makubwa. Mama Lohay mwenyewe alikuwa amekiri mbele ya watu kwamba tumerukwa, na sikujua mtu aliyeshinda neno lake. Nilifagia uwanja. Nilichagua mahali pa kumlaza mtoto. Fausta alipopita na mzigo wake mgongoni nilimwambia, "Wetu anakuja," naye akasema, "Labda boga jingine," na kwa mara ya kwanza maneno yake hayakuniuma.

Walikuja asubuhi, jua limeshapanda. Niliwasikia kabla ya kuwaona, wakiimba ule wimbo wa kwenda kwa mzazi, na nikawaona wakipita pale njia inapogawanyika bila kusimama. Kuni mgongoni, vibuyu mkononi, na mbele kabisa Mama Lohay na mzigo uliofunikwa kwa kanga safi. Mama alitoka ndani akiwa na unga mikononi, akasimama kama mtu aliyeota.

Aama akajiweka mlangoni. "Simameni hapo. Nyumba hii bado haijapoa."

"Imepoa, mama," Mama Lohay akasema. "Na kama haijapoa, tumekuja kuipoza."

"Mtabeba balaa mpeleke kwa watoto wenu. Mnacheza."

Wote walikuwa na watoto, au walitarajia. Niliona miguu ikisita, nikaona zamu yetu inataka kurudi njia iliyokuja. Ndipo mama Fausta akapita mbele ya wote. Alikuwa na kale kachanga kake mgongoni, hakajamaliza hata kukaza shingo. Alimwinamia Aama kwa heshima, akapita ubavuni mwake, akaingia ndani. Tukamsikia kutoka gizani akisema, "Njoo umshike, mwenzangu, mgongo wangu umekufa ganzi."

Mama akaingia. Sisi wote tukaingia nyuma yake. Alikuwa amesimama na mtoto yule mikononi, unga wake umempaka shavuni, na hakuwa anafanya chochote, hambembelezi, hasemi, amemshika tu na kumnusa.

Unaweza kudhani niliguswa. Nilikuwa nashughulika na mzigo. Mama Lohay alipoutua, niliuendea nikafunua kanga. Kulikuwa na kibuyu cha samli. Unga. Kisu kidogo cha kukatia kamba za kuni, kimesahauliwa humo. Nikapekua kuni za mzigo wa pili, na wa tatu. Nikarudi kwa Mama Lohay.

"Yuko wapi?"

"Hilo ndilo ninalouliza mimi," akasema, na akakaa kwenye kigoda kama walivyokuwa wakikaa kwa kila mzazi, mguu mmoja umenyooshwa, mikono imefunguliwa. "Mgeni wa nyumba hii yuko wapi tumpokee?"

Hiyo ndiyo ilikuwa desturi yao. Mkubwa wao huuliza, na mzazi huleta mtoto. Mama akakarudisha kachanga kwa mama Fausta. Alituangalia, kisha akamgeukia Mama Lohay.

"Mama Lohay, mimi sina..."

"Tunakuita Mama Natalia kila siku," Mama Lohay akamkatiza. "Huyo Natalia tulimpokea lini?"

Kwa kweli hawakuwahi kunipokea. Nilizaliwa mbali, Malambo, kule kwa wafugaji, ambako baba alikuwa amekwenda kama fundi mwashi kujenga madarasa. Niliporudishwa Daa nilikuwa natembea mwenyewe. Hakuna aliyebeba kuni kwa ajili yangu. Mama alinishika mabegani kutoka nyuma, mikono yake ikiwa bado na unga, akanisukuma taratibu mpaka kwenye magoti ya Mama Lohay.

"Ni huyu," akasema.

Wakanipakata. Mimi, msichana mkubwa wa kwenda shule, miguu inaning'inia mpaka chini, magaga na yote. Mama Lohay akanipaka samli kwenye paji la uso. "Huyu ni mzito," akasema. "Amekaa sana tumboni." Akanipitisha kwa wa pili, na huyo kwa wa tatu, na kila mmoja alikuwa na neno. Ana meno tayari. Ana pua ya baba yake, Mungu amsaidie. Ana maneno mengi kwa mtoto wa leo. Walikuwa wakicheka, na mmoja baada ya mwingine walikuwa wakilia pia, nami nilikuwa nimekasirika, kwa sababu nilikuja kudai mtoto na nikapewa mimi mwenyewe.

Mama walimkalisha kitandani, wakamfunika mgongo kwa kanga ile safi, wakamlisha uji wa samli kwa kijiko kama wanavyolishwa wazazi. Mama Lohay akamwuliza kwa sauti ya chini, "Na wengine?"

"Wawili," mama akasema. Mmoja ni yule wa siku ya kuumwa tumbo, lakini wa pili sikuwahi kumsikia kabisa.

Wakawasalia hao wawili, pale pale, wakiwa wamepiga magoti kati ya kuni. Aama alibaki mlangoni mpaka mwisho, hakuingia, lakini aliinamisha kichwa. Kisha mmoja akamwomba mama awasimulie kama mzazi anavyosimulia, jinsi mtoto alivyokuja, na mama, ambaye sikuwahi kumsikia akisema maneno mengi, akasema.

Alisema kulikuwa na joto, na baba alikuwa kwenye ujenzi, na yeye hakujua Kimaasai zaidi ya salamu. Uchungu ulipomshika, mama mmoja mzee wa boma la jirani alimsikia, akaingia bila kuitwa, akakaa nyuma yake akamshika kifuani mpaka mwisho. Hawakuelewana neno. Mtoto alipotoka, mama yule alimtemea mate kidogo ya baraka kichwani, akaimba, akawaita wenzake, nao wakamletea maziwa. Mama alisema kwamba kwa siku nyingi hakumweka yule mtoto chini. Kuni zililetwa, maji yaliletwa, naye alikaa tu kwenye kivuli cha nyumba na mtoto mwilini, akimtazama, bila kazi yoyote na bila hofu yoyote. "Sijawahi tena kuwa na siku kama zile," akasema.

Wanawake wakapiga vigelegele. Mimi nilikuwa kwenye magoti ya mtu, sikumbuki nani, samli inanitiririka kuelekea nyusi, na nilikuwa nikimsikiliza mama yangu akisimulia habari za huyo mtoto kwa sauti ambayo hakuwahi kunisemesha nayo.

Walipoondoka, mama akapangusa samli usoni kwangu kwa kidole, akakilamba.

"Umeridhika sasa?" akaniuliza. "Wameleta zamu yetu."

"Hawakuleta mtoto."

"Walikuta ameshafika."

Nikatikisa kichwa. Sikuwa nimeridhika. Hakuna mtoto mwingine aliyekuja kwetu baada ya hapo, na Mungu aliyetunyima hilo ametupa mengine mengi, nami nimezaa, nimepokea wajukuu, na nimekaa kwenye kigoda kile cha kupokea wageni wa nyumba za watu mpaka magoti yakakataa. Nashukuru kwa yote. Wivu wangu kwa Fausta uliisha zamani, na mama yake nilimheshimu mpaka tukamzika, kwa ile hatua moja aliyoipiga mbele ya wenzake. Ila kuna mmoja ambaye sijaacha kumwonea wivu, na juzi mjini, mbele ya bakuli la uji, nilimtambua tena. Ni yule mtoto wa Malambo. Alikuwa na mama yangu mzima, kabla hajapoteza kitu, kutwa nzima kivulini, na hata hakumbuki.